Nilitolewa ukumbini kwa kujua mwisho wa picha nisiyowahi kuiona

Mnaotaka kujua picha ikoje subirini kidogo. Naanza na kijana wa tochi, maana hasira yangu ilianzia kwake na hadi leo haijapoa.

Ilikuwa Jumamosi moja hivi karibuni. Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa kuangalia ile picha mpya ya anga za juu ambayo mabango yake yalijaa mjini. Ukumbi siutaji. Ni wa hapahapa Dar, wenye kiyoyozi cha kuhifadhia samaki. Picha yenyewe pia siitaji. Nitaieleza tu, na ukidhani nazungumzia nyingine uliyoiona mwaka juzi, wala hujakosea.

Hata dakika kumi hazijaisha, msichana ambaye ndiye steringi akatoa kidani cha baba yake aliyepotea vitani. Nikamnong'oneza mpwa wangu, "Baba yake hajafa. Yuko upande wa maadui." Akaja profesa mmoja mweusi, mpole, anataniana na kila mtu. Nikasema huyu hamalizi saa. Kweli, ukatokea mlango wa chuma uliogoma kufungwa, na swichi yake iko upande wa kifo. Nani abaki? Profesa. Kulikuwa na roboti kadogo ka kuchekesha (nusura niandike kiroboto, na kwa kalivyonikera ingefaa). Nikasema kataharibika, steringi atalia, halafu mwishoni kabisa jicho lake litawaka.

Mbele yetu watu wakaanza kugeuka. Dada mmoja akasonya. Ghafla mwanga ukanipiga usoni. Si miguuni, usoni!

"Mzee, kama umeshaiona kwenye flashi huko kwenu, usiwaharibie wenzako."

Nikamwambia kijana wangu, mimi sijaiona, picha yenyewe imeanza kuonyeshwa jana. Akasema, "Sasa umejuaje?" Akanitoa hadi koridoni, mtoto kabaki ndani peke yake na bisi ambazo kwa bei ile ningenunua debe la mahindi. Akaitwa meneja. Meneja ana suti, ana adabu, ila swali ni lilelile: "Lakini baba, umejuaje?" Nimesimama pale kama mwizi wa kuku, mtu mzima, najitetea kwamba sijaangalia picha niliyolipia kuiangalia. Walinirudisha baada ya kuahidi kwamba nitafunga mdomo. Nimefungwa mdomo kwa hela yangu!

Nilirudi baada ya kama robo saa, nikamuuliza mtoto nimepitwa na nini. Akasema, "Wamepigana." Basi. Nikaidaka hadithi palepale kama daladala ya njia yangu.

Sasa meneja, jibu lako hili hapa. Nimejua kwa sababu nimeanza kuangalia picha hizi kabla hujaajiriwa. Mwaka 1977 picha ya kwanza ya Star Wars ilituonyesha mtambo mkubwa wa kuvunja sayari, wenye tundu moja ambalo ukilipiga kombora mtambo mzima unalipuka. Mwaka 1983 maadui wakajenga mwingine, ukalipuliwa tena. Mwaka 2015 wakajenga wa tatu, mkubwa kuliko yote, nao ukawa na mahali pake pa kupiga. Huku Tandika fundi akikujengea ukuta ukaanguka mara mbili, hapewi saruji ya ukuta wa tatu. Kule anapewa, tena na bajeti anaongezewa.

Na mwanga. Mwanga wa bluu unaotoka ardhini hadi mawinguni, mawingu yanazunguka, vifusi vinaelea. Nimeuona The Avengers ya 2012, nimeuona Suicide Squad ya 2016, na Jumamosi ile nikauona tena. Nilikuwa nimefunga mdomo kama nilivyoahidi, lakini mpwa wangu aliniona nikiunyooshea kidole kabla haujatoka. Rangi nazo: nyuso za machungwa, kila kitu kingine bluu ya sumu ya panya. Na ule mlio wa "bwaaam" kama meli inaaga bandarini. Hata muziki una sababu ya kufanana. Wahariri wa kule hukata picha huku wamewekea muziki wa muda kutoka picha nyingine, wanauzoea masikioni, halafu mtunzi akija anaambiwa atunge unaofanana na ule, ila usiwe ule. Akifanya kazi yake vizuri, anakuwa ameiga vizuri.

Najua mtaniambia ni pesa. Ni kweli, na sitaki kuwa mgumu. Picha kubwa ya namna hii hugharimu dola milioni 200 hivi, matangazo hayamo humo. Wenye kumbi hubaki na karibu nusu ya kinacholipwa mlangoni, kwa hiyo lazima iingize mara mbili na zaidi ndipo mwenye mali apumue. Iuzike Marekani, China, Brazili, na kwangu mimi hapa kwenye kiti cha baridi. Hapo nani atathubutu kumuua steringi? Nani atathubutu hata kuweka utani usioeleweka Shanghai?

Wakijaribu nako wanaumia. Mwaka 2012 Disney walitoa John Carter, hadithi ya mtu anayejikuta sayari ya Mars. Watu wakasema aa, haya tumeshayaona. Kumbe hadithi ile aliiandika Edgar Rice Burroughs, na ilianza kutoka jaridani mwaka 1912, miaka mia kamili kabla! Waliokuja baadaye walikuwa wameshachota kisimani kwake muda wote huo, mwenye kisima akaja kuonekana mwizi wa maji. Disney wenyewe walitangaza kwamba picha ile ingewatia hasara ya takriban dola milioni 200. Baada ya kuisoma ile nilimwonea huruma marehemu kuliko Disney.

Kwa hiyo si kurudia ndiko kunakonikera. Dune ya 2021 imetoka kwenye kitabu cha 1965, na ilishachezwa 1984, lakini nilipowasikia watu wa jangwani wakitamka "Lisan al-Gaib" nilikaa wima. Lisani! Ghaibu! Maneno ya chuoni kwetu yanatoka kwenye sayari nyingine. Nilirudi nyumbani nafikiria.

Na utotoni mimi sikuangalia kipya chochote. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilionyesha maroboti yaleyale kila wiki, kanda imechakaa hadi adui na steringi wamekuwa rangi moja. Wote tulijua steringi hafi. Lakini juu yake kulikuwa na mtafsiri. Ukimpata Lufufu, picha ya Mmarekani inakuwa nyingine kabisa. Wakenya nao wana DJ Afro wao, wanajua ninachosema. Mtafsiri mmoja, sikumbuki nani, alilifanya jitu la chuma lilalamike bei ya unga katikati ya vita. Kibanda kizima chini kwa kicheko, mwenye kibanda anapiga bati tunyamaze. Picha ileile, wiki ijayo mtafsiri mwingine, jitu lileile linatafuta mke. Mtu mmoja na maikrofoni yake anaamua kusema upuuzi na hamna wa kumzuia. Kwenye dola milioni 200 nadhani mtu huyo hayupo, na angekuwepo wangemmulika tochi usoni.

Ndiyo maana Pumzi ya Wanuri Kahiu bado naikumbuka. Ni ya Mkenya, ya 2009, dakika kama ishirini tu. Watu wanaishi chini ya ardhi baada ya vita vya maji, jasho lenyewe halimwagwi, linasafishwa linywewe. Ile sikubahatisha hata mara moja. Nilikaa kimya mwenyewe bila kuamriwa.

Nilipanga kuipa picha ya Jumamosi nyota moja. Ila lazima niseme ukweli, kuna sehemu moja. Chombo cha yule msichana kinazimika angani, taa zote kwisha, na hakuna muziki. Hakuna bwaaam. Anapumua tu, na kioo kinashika ukungu wa pumzi yake, anaandika kwa kidole jina la utani ambalo baba yake alikuwa akimwita. Kama dakika mbili hivi. Nyuma yangu jamaa aliyekuwa anatafuna bisi tangu mwanzo akaacha. Mimi nikavua miwani yao ya plastiki nikaifuta, na haikuwa na uchafu. Kwa dakika zile mbili naipa nyota nne, na sitanii.

Halafu baba akatokea na jeshi la maadui, kama nilivyosema, mwanga wa bluu ukapasua wingu, na nikachukia kuliko mwanzo. Kumbe wanaweza! Kama wangekuwa hawajui ningewasamehe. Chombo kikuu kilipopigwa, vyombo vingine elfu vikadondoka vyenyewe kama nzi waliopuliziwa dawa, na jicho la karoboti kale likawaka. Ukumbi ukapiga makofi. Kijana wa tochi alikuwa amesimama mlangoni, nikamgeukia makusudi nimwone uso. Alikuwa anapiga makofi na yeye.

Nyota mbili basi. Ukumbi sifuri, na baridi yao. Nitaandika tatu kwa ajili ya kioo na ukungu, ila naweza kubadilisha kesho.

Kwenye daladala mpwa wangu alikuwa bado anarusha vidole kama makombora, anasema hajawahi kuona picha tamu kama ile. Ana miaka tisa, hajawahi kweli, kwa hiyo sikumbishia. Tulipofika karibu na kwao akaniambia wametangaza kwamba itakuja sehemu ya pili. Nikamwambia sawa mjomba, nitakupeleka. Akanyamaza kidogo, anaangalia dirishani.

"Nitaenda na mama," akasema. "Mama huwa analala."