Kisu cha kukunja cha mfukoni: anzia kwenye bawaba, makali baadaye

Wengi wetu tukishika kisu kipya tunapitisha kidole gumba kwenye makali, tunaridhika, tunalipa. Mimi makali huyaacha mwisho. Kisu kibovu kinaweza kutoka kiwandani kikiwa kinanyoa nywele za mkono, na kizuri kikaja butu. Cha pili utakimaliza kwa kinoo jioni moja. Bawaba iliyolegea hainolewi.

Somo hilo nililipia. Kisu changu cha kwanza chenye kifungio, kile kizuizi kinachoshikilia bapa lisijikunje, kilikuwa kizito, cheusi, kimejaa maandishi ubavuni. Wiki ya pili nilikuwa natoboa boksi kwa ncha, kifungio kikaachia, bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada. Nilipokichunguza baadaye niliona ule ulimi wa chuma unaozuia bapa ulikuwa unaligusa kwa ukingo tu, chini ya upana wa njiti ya kiberiti. Kasoro hiyo ilikuwepo tangu dukani. Sikuitazama.

Kwa hiyo anza kikiwa kimefungwa. Kitazame kutoka upande bapa linapolala. Likae katikati, lisisugue kuta za mpini, na ncha iwe imezama kabisa. Pitisha kidole juu yake taratibu. Ikikukwaruza hapo, itakukwaruza kila unapotia mkono mfukoni. Sasa kifungue, ushike bapa mgongoni, ulitikise kushoto na kulia. Kama bawaba ni ya skrubu, kulegea kidogo kwa pembeni huondoka ukikaza. Kama imegongwa ribiti, yaani pini iliyopondwa isiyokazwa, ndivyo kitakavyobaki. Halafu litikise juu na chini. Kulegea kwa namna hii kwenye kisu cha kifungio maana yake kifungio hakijakaa sawasawa, na hapo mimi hukirudisha kwa muuzaji bila mjadala.

Ulimi wa chuma, ukishafunguka, uingie nyuma ya bapa kiasi cha theluthi hadi nusu ya upana wake. Ukivuka mpaka ukafika ukuta wa pili, kisu kimeshachakaa kabla hujakitumia. Kisha weka vidole nje ya njia ya bapa, uegemeze mgongo wake kwenye ukingo wa meza na uongeze nguvu polepole. Hakuna haja ya kugonga kama seremala.

Visu visivyo na kifungio, vile vinavyoshikiliwa na springi ya mgongoni, vipime kwa sikio. Kizuri hufunguka kwa mlio mkavu, hufungwa kwa mlio uleule. Kinachofunguka kimya kimya, kama mlango wa kabati la zamani, springi yake ni dhaifu. Kiinue pia kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya springi na mpini, ujue fundi alikuwa na haraka.

Kuhusu bapa lenyewe, watu hupenda nene, wakidhani ndilo imara. Kwa kazi za kila siku nene ni mzigo: linapasua tunda badala ya kulikata, na kwenye kadibodi linakwama. Karibu milimita 2 mgongoni zinatosha, mradi linakonda vizuri kuelekea makali. Ligeuze upande huu na huu ulinganishe ule mstari mwembamba wa kunolewa. Ukiwa mpana upande mmoja, uliponolewa mkono uliyumba.

Chuma? Maneno kama "chuma cha hospitali" hayana maana yoyote, wala neno lisemalo hakishiki kutu halikuambii kingine. Tafuta jina la chuma chenyewe. 12C27 na 14C28N za Sweden ni za kuaminika na hunoleka bila kukuchosha. 8Cr13MoV ya China inatosha. D2 hukaa na makali muda mrefu, ila huota kutu ukiisahau na unyevu, na kuinoa ni kazi. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell: 56 ni laini kiasi, hunoleka upesi, 59 au 60 hudumu zaidi lakini hudai subira kwenye kinoo. Hata hivyo chuma kilekile kikichomwa na kupozwa vibaya hakina faida, ndiyo maana jina la chuma naliweka chini ya jina la aliyekitengeneza.

Sasa mpangilio wangu.

Cha kwanza ni Victorinox ya Uswisi yenye mpini wa alumini yenye vinundu, Cadet ya milimita 84 au Pioneer ya 93, urefu kikiwa kimefungwa. Hakina kifungio, na chuma chake ni laini, kwa hiyo utakinoa mara kwa mara. Lakini nimeshika vingi na sijakuta chenye springi mbovu, bapa ni jembamba, na mtu aliye karibu nawe hashtuki unapokitoa. Kukosa kifungio kuna faida ya kisheria pia sehemu nyingine: Uingereza, kisu cha kukunja kisichofunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3, kinaruhusiwa kubebwa bila kueleza sababu. Sheria ya unakoishi isome kabla ya kununua chochote.

Cha pili, kwa tofauti ndogo sana, Opinel namba 8 ya Ufaransa. Bapa ni sentimita 8.5, mpini wa mti, na pete ya chuma unayoizungusha ili bapa lisirudi. Pete hiyo ilianza mwaka 1955. Kwa kukata ndicho bora kuliko vyote hapa. Ubaya wake ni ule mti: ukilowa huvimba, na bapa linaganda ndani. Legeza pete, gonga kitako cha mpini mezani, bapa litachomoza kiasi cha kulishika. Chukua cha chuma kisichoshika kutu, isipokuwa kama unapenda kupaka mafuta.

Cha tatu ni kisu cha ulimi wa chuma kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, bapa la sentimita 7 hivi. Unakifungua kwa mkono mmoja, na hilo lina thamani mkono wa pili ukishika kamba. Ila hapa ndipo tofauti kati ya kisu na kisu ni kubwa, hata vikiwa vya aina moja, kwa hiyo nunua kile kilekile ulichokipima, usikubali kuletewa kingine cha kutoka stoo.

Cha nne ni cha kifungio cha mgongoni, mtindo ulioenezwa na Buck 110 ya Marekani tangu 1964. Ni imara kweli. Buck 110 yenyewe ni nzito mno kwa mfuko. Tafuta ndogo zake.

Vile vidogo vya kuning'iniza na funguo, milimita 58, vinafungua barua na kukata uzi. Vitoe kwenye funguo kabla ya uwanja wa ndege.

Visu vyenye mawimbi ya kuchorwa kwa asidi ili vifanane na chuma cha Dameski, kile cha tabaka zilizofuliwa pamoja, visivyo na jina la chuma wala la mtengenezaji, sikuvipa nafasi. Sugua mawimbi hayo kwa msasa laini, yanafutika.