Vitamini C au resveratroli: ipi inasaidia seli shina kujenga mfupa?

Kwenye utafiti wa osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi) mi naanza na vitamini C, maana seli shina za uboho (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za mfupa au za mafuta) bila hiyo haziwezi kutengeneza kolajeni imara (protini ambayo ndo kiunzi cha mfupa), na kama kolajeni hakuna kalsiamu itashika wapi? Ndo maana maabara wanaiweka kabisa kwenye mchanganyiko wa kukuzia seli, halafu baada ya kama wiki 3 wanatia rangi ya alizarini na pale kalsiamu ilipokaa panageuka pekundu, inapendeza kweli kuona. Resveratroli, ile ya maganda ya zabibu nyekundu, yenyewe inaamsha SIRT1 (kimeng'enya ndani ya seli) ambayo inaibana PPAR-gama (protini inayoisukuma seli kuwa ya mafuta), seli inaacha njia ya kuwa mafuta inaelekea kwenye mfupa. Nzuri sana maabara, ila ukiimeza utumbo na ini vinaibadilisha haraka, kwenye damu inabaki kidogo mno.