Kadi za Vitenzi vya Kilatini: Rangi Zinasaidia, Irabu Ndefu Hazipo

Kwa miezi mitatu nimetumia seti ya kadi 120 za vitenzi vya kawaida vya Kilatini katika wakati uliopo, nami naandika tathmini hii kwa ajili ya wanakwaya, wanafunzi wa seminari na yeyote anayeimba au kusoma Kilatini bila kujua kwa nini kitenzi kimoja huishia na -mus na kingine na -nt. Upande wa mbele wa kila kadi kuna nafsi ya kwanza umoja pamoja na kitenzi-jina, kwa mfano amo, amare. Upande wa nyuma kuna maumbo ya nafsi zote sita na maana kwa Kiingereza. Karatasi ni nene na maandishi yanasomeka vizuri hata kwa mwanga hafifu.

Jambo lililonipendeza kwanza ni mpangilio wa rangi. Vitenzi vya Kilatini vimegawanyika katika makundi manne kulingana na irabu ya shina, na kila kundi limepewa rangi yake: nyekundu kwa amare, buluu kwa monere, kijani kwa regere, manjano kwa audire. Vile vya aina ya capere, ambavyo ni vya kundi la tatu lakini husema capio na capiunt kana kwamba ni vya kundi la nne, vimebaki katika kijani vikiwa na alama ya manjano pembeni, na alama hiyo ndogo iliniokolea muda mwingi.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo kadi zenyewe hazikuifikiria. Sisi tumezoea kitenzi kinachobeba mtendaji ndani yake: tunasema tunasifu bila kuhitaji kutamka sisi, na Mrumi alisema laudamus kwa namna hiyo hiyo, isipokuwa kiambishi chake alikiweka mwishoni. Kwa hiyo niliandika kwa penseli ni- kando ya -o, u- kando ya -s, a- kando ya -t, tu- kando ya -mus, m- kando ya -tis na wa- kando ya -nt, na tangu siku hiyo jedwali zima likakaa kichwani. Kilatini hata kina wepesi kuliko lugha yetu hapa, kwa kuwa -t moja hutosha kwa mtu anayekimbia, mto unaotiririka na jiwe linaloanguka, bila kudai upatanisho wa ngeli.

Kasoro kubwa, ambayo kwangu inashusha thamani ya seti nzima, ni kwamba kadi hazionyeshi irabu ndefu. Monēre na regere zote huishia na -ere, na kinachozitenganisha ni urefu wa e ya kwanza katika mwisho huo. Kistari cha juu, kinachoonyesha kuwa irabu ni ndefu, kikiondolewa, rangi pekee ndiyo inayobaki kumwongoza msomaji, na rangi haimo katika kitabu atakachokisoma kesho. Madhara yake ni makubwa zaidi kwetu, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu hulipeleka kila neno huko. Kwa amāmus, monēmus na audīmus mazoea hayo yanafaa, kwa kuwa irabu ya silabi hiyo ni ndefu. Kwa regimus na capimus ni fupi, hivyo mkazo hurudi nyuma hadi re- na ca-.

Anayeimba Gloria, wimbo wa sifa wa Misa, kwa Kilatini anakutana na aina zote mbili katika pumzi chache: laudamus, adoramus na glorificamus zina mkazo kwenye -a- ya kabla ya -mus, lakini benedicimus ina mkazo kwenye -di-, na agimus kwenye a- ya mwanzo. Nimesikia mara nyingi benedicimus ikitamkwa kwa mkazo kwenye -ci-, na nimeitamka hivyo mimi mwenyewe kwa miaka. Kadi hizi zingeweza kunisahihisha kwa vistari vichache tu vya wino.

Tafsiri nazo zingehitaji uangalifu zaidi. Regit imefasiriwa kama jambo linalotendeka sasa hivi tu, ilhali wakati uliopo wa Kilatini hubeba anatawala na hutawala kwa pamoja.

Kwa anayeanza, ambaye anataka kushika miisho sita ndani ya wiki chache, ninaipendekeza seti hii, mradi awe na kamusi inayoonyesha urefu wa irabu na kalamu yenye ncha nyembamba. Mimi nilianza na kadi za kijani, nikazikagua moja moja dhidi ya kamusi kwa jioni mbili, na sasa nimefika kwenye za buluu.