Matairi mapya ya Vanguard yetu: kwa nini nilichukua H/T, yaani ya barabara za lami

Tunaishi Tanga mjini, na Toyota Vanguard yetu ndiyo gari la kila kitu: watoto shuleni, sokoni, Dar kupitia Segera, na Lushoto kwa mama mkwe. Matairi ya zamani yalikuwa yamekaribia vile vinundu vilivyomo ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kwamba zimebaki milimita 1.6 tu. Masika nayo ilikuwa inabisha hodi, kwa hiyo tukaamua kubadilisha yote manne kwa mpigo.

Saizi yetu ni 225/65R17. Baada ya hapo inafuata namba ambayo wengi hawaiulizii, 102, maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 850. Gari la viti saba likishajaa watu, na nyuma kuna viazi na kabichi za Lushoto, hiyo namba si ya kupuuza. Mimi sishuki chini yake hata nikipunguziwa bei.

Nilianzia Ngamiani kwenye mitumba ya Japani. Muuzaji akanionyesha seti safi kabisa: "Mama, haya kama mapya, ona meno yake." Meno yalikuwepo kweli. Lakini ubavuni yameandikwa STUDLESS, yaani ni matairi ya theluji. Mpira wake hutengenezwa uwe laini kwenye baridi kali. Ukiuleta kwenye lami ya Tanga saa nane mchana unalainika kupita kiasi, unalika upesi, na ukifunga breki gari linachelewa kusimama. Nikatafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1716. Wiki ya 17, mwaka 2016. Nikamwambia, "Asante kaka yangu, haya siyachukui." Nawasihi sana wenzangu wenye watoto, someni hizo tarakimu kabla ya kutazama meno. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo.

Dukani kwenye mapya wakanishauri A/T, yale ya njia za kila aina yenye meno makubwa, eti gari litapendeza. Yana kazi yake, lakini asilimia kubwa ya safari zetu ni lami, na A/T kwa kawaida huvuma zaidi na kula mafuta kidogo zaidi. Nikachukua Yokohama Geolandar H/T. Bei ya moja ilikuwa inanunua mitumba mawili na chenji inabaki, na sijutii hata shilingi.

Tofauti niliiona barabara ya Mombo hadi Lushoto, mvua inanyesha, kona baada ya kona, mama mkwe amekaa mbele. Gari lilishika njia vizuri, na nikigusa breki kwenye mteremko wa kuingia Soni halikuteleza. Kwenye lami ya Segera tunaongea ndani bila kupaza sauti. Changarawe kavu, hakuna tabu. Tope ndipo mahali pake padhaifu: tulipopanda Amani kutokea Muheza baada ya mvua, mifereji ilijaa udongo na magurudumu yakaanza kuzunguka bure, ikabidi twende taratibu mno.

Siku ya kufunga, simama hapohapo. Fundi alitaka kujaza upepo 40 kwa mazoea. Nikamwonyesha kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, akafuata kilichoandikwa. Balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) zifanyike siku hiyohiyo, la sivyo tairi jipya litalika bila usawa. Kama gari lako ni la 4WD, linalosukumwa na magurudumu yote manne, usichanganye mawili mapya na mawili vipara, maana mizunguko inapishana na mzigo unaangukia kwenye mfumo wa kugawa nguvu, ambao kuutengeneza ni ghali kuliko matairi yenyewe.

Anayeishi njia ya Amani, au anayepita tope kila wiki, H/T hayamfai. Yeye achukue A/T ya saizi hiyohiyo, 102 hiyohiyo, na tarehe ya karibuni.