TAHADHARI: HUYU MUUZA FREMU ANAZIBA MATUNDU KWA PATI, MSIMTUMIE HELA

Wadau wa baiskeli Dar, soma hii kabla hujamtumia mtu hela. Yule jamaa wa fremu za mtumba anazipuliza rangi upya, wengi mnamjua, ni TAPELI. Amekula laki na themanini yangu na sasa hivi simu hapokei.

Nilikuwa nataka fremu ya kufunga keria ya kubebea mzigo nyuma. Nikamfuata kwake, fremu ya alumini, nyeusi inang'aa, nzuri mpaka basi. Naikagua naona matundu ya keria kule nyuma juu ya ekseli yamejaa rangi, nikamuuliza kaka mbona haya yameziba? Hakubabaika hata kidogo. Akasema "mdogo wangu hiyo rangi tu, hata mpya za dukani zinakuja hivyo, unapitisha tapu imeisha", yaani kile chuma cha kuchongea uzi, ile mikunjo ya ndani ya tundu inayoshika bolti. Akachomoa bolti mfukoni, akaenda kwenye tundu la kufungia chupa, akaizungusha kwa vidole taratibu mpaka ikazama yote huku ananiangalia usoni, "umeona uzi huo? mzima". Nikatoa simu nikamrushia hela palepale, na akanisaidia kuifunga fremu kwenye boda kwa kamba yake mwenyewe, mshenzi yule.

Na kabla hamjaanza kunisema, alichosema ni KWELI. Rangi kuingia kwenye uzi ni kawaida, mpulizaji asipoweka bolti za zamani kwenye matundu kabla ya kupuliza lazima yajae, na kuyasafisha wala siyo kazi. Tapu ya milimita 5, ile ya nafasi ya uzi 0.8, tone la oili, unaiingiza imenyooka kwa mkono, nusu mzunguko mbele robo nyuma, rangi inatoka vipande vipande. Huna tapu, chukua bolti ya chuma uichanje mfereji kwa urefu na msumeno wa chuma, inasafisha vilevile. Nimeshawafanyia wengi wenu humu. Sasa mtu anachukua kitu cha kweli tunachokijua wote ndo anakupiga nacho hichohicho, hapo ndo panaponiuma.

Nyumbani nikatia oili, tapu ikaanza kuingia, nasubiri nione vipande vyeusi, kinachotoka unga wa kijivu. Pati! Ile ya kuzibia bodi za magari. Nikasukuma kidogo tena tapu ikalegea ikawa inacheza tu humo ndani, nikakwangua na msumari yote ikadondoka, ndani ukuta laini kabisa, uzi hakuna. Yaani kuna mtu aliua uzi, akatoboa na drili, akajaza pati, akapuliza rangi juu. Upande wa pili hivyohivyo. Nikasema basi nichonge uzi mkubwa zaidi, wa milimita 6, lakini huo unataka tundu la milimita 5 na hapa bolti ya 6 yenyewe inapita bila kugusa kitu, na kale kasikio ka fremu kenye tundu kamebaki kembamba nikitoboa tena kanakatika. Sasa piga picha keria ina mzigo, uko kwenye mteremko, inachomoka inaingia kwenye spoku. Mtu anakufa jamani, kwa laki na themanini!

Nimempigia ananijibu eti "si ulikagua mwenyewe". Akakata, akaniblok.

Huyu asiachwe. Arudishe hela yangu yote na ya boda, aondolewe kwenye kila grupu anakojitangaza, na yule mpulizaji wake pia abanwe kwa sababu haiwezekani hajui anachofukia. Polisi naenda, meseji zote ninazo na muamala upo. Mwingine aliyepigwa naye anitafute twende pamoja, mmoja mmoja atatuchezea.

Ukienda kununua popote beba bolti yako ya 5 ujaribu KILA tundu, siyo analochagua yeye, na usiilazimishe kavu ikigoma maana utaua uzi mzima. Kwangua rangi kidogo pale mdomoni, uone chuma siyo unga. Akikukatalia kukwangua ondoka.

Halafu kuna mtu humu ameweka advansi kwa ile fremu yake ya kijani, simjui jina, anayemjua amwambie LEO asimalizie hela, na ile nyeupe iliyokuwa pembeni yake nayo matundu ya nyuma yalikuwa yameziba vilevile.