Dar–Mwanza kwa ndege: saa moja na nusu ya tiketi na saa tano zangu

Ukitafuta mtandaoni umbali wa Dar es Salaam hadi Mwanza utapata majibu mawili, na yote ni sahihi. Kilomita 850 hivi ni za angani, mstari ulionyooka. Zaidi ya 1,100 ni za barabara, maana basi lazima lipite Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ndipo uione Nyegezi, stendi ya mabasi ya Mwanza.

Muda wa kuruka ndio wenye utata. Zile tovuti za kukokotoa zinakwambia saa moja na dakika kidogo. Zinachukua kilomita, zinagawa kwa mwendo wa jeti, basi. Hazihesabu foleni ya kuruka, kupanda, kushuka, wala kuzungushwa juu ya ziwa mkisubiri zamu ya kutua. Ratiba ya jeti inaandika kama saa moja na nusu, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Kabla hujalipa, angalia aina ya ndege. Wengi tunaangalia bei tu. Airbus A220, ambayo ni jeti, inakwenda kama kilomita 830 kwa saa. ATR 72, hizi za pangaboi, inacheza kwenye 500. Kwa safari fupi ya Zanzibar hutaona tofauti yoyote, ila kwa Mwanza pangaboi inakusogeza karibu na saa mbili, tena mnapita chini zaidi, kwa hiyo mawingu yakichafuka mtatikiswa kweli kweli. Mimi mwenye tumbo jepesi huwa nachagua jeti hata ikinizidi bei kidogo.

Sasa hesabu ya mlangoni hadi mlangoni. Natoka Tegeta alfajiri kabla Mwenge na Ubungo hazijafunga, nafika uwanjani mapema, nakaguliwa, nakaa. Kule Mwanza uwanja uko Ilemela, kama kilomita 10 kutoka mjini; mizigo ikitoka haraka, bodaboda au teksi inakufikisha bila shida. Jumla ni kama saa tano, endapo ndege haijachelewa. Safari moja shirika, silitaji, lilitusogeza kutoka asubuhi hadi alasiri kwa ujumbe mfupi wa simu uliosema "sababu za kiufundi". Chai hatukupewa. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anawahi msiba Magu. Akawa anaitazama saa, halafu ubao wa safari, halafu saa tena. Kama una jambo lisilosubiri, chukua ndege ya kwanza ya siku: ikikwama, bado kuna nyingine nyuma yake.

Hata hivyo silinganishi na basi. Kutoka stendi ya Mbezi, Dar, alfajiri unafika Mwanza usiku mnene, miguu imevimba, na kesho yake hufanyi kazi. Nauli ya ndege ukikata wiki kadhaa kabla inavumilika. Ukikata keshokutwa unasafiri, utalia.

Dirisha, kaa kulia wakati wa kwenda. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro inaonekana kwa mbali, na mkianza kushuka unaona ziwa na yale mawe ya Mwanza yaliyopandana. Wakati wa kurudi andaa nafasi ya sato, samaki wa ziwani: wafunge vizuri kwenye boksi na barafu, na uulize mapema kaunta, maana maji yakivuja boksi litabaki Mwanza.