Detroit Electric ya 1914: maoni ya fundi umeme wa magari

Ukiingia makumbusho ya The Henry Ford pale Dearborn, Michigan, nenda moja kwa moja kwenye magari, utafute Detroit Electric ya mwaka 1914, gari la umeme. Ndilo alilokuwa akiendesha Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe. Mumewe anajaza barabara kwa Model T za petroli, na mama huyu aliendelea na la umeme hadi miaka ya 1930! Mimi ni fundi umeme wa magari, mzaliwa wa Tanga, na kwa jicho la kazi yangu nalipatia gari hili nyota nne kati ya tano.

Ni gari refu kwenda juu, vioo kila upande, mtu anaingia na kofia yake kichwani. Usukani wa duara hakuna. Kuna fimbo ndefu ya kuelekezea, kama kana ya mashua, na nyingine fupi ya mwendo. Hakuna klachi wala gia za kukwaruzana. Magari ya petroli ya enzi hizo yaliwashwa kwa hendeli, na injini ikirudisha teke ilivunja mkono wa mtu. Hapa unasogeza fimbo tu, gari linaondoka kimyakimya. Ndiyo maana kampuni ililenga hasa wanawake wa mjini wenye uwezo. Ilitangaza kama kilomita 130 kwa chaji moja. Kwa safari za mjini, zinatosha na kubaki.

Nyota moja nimeikata kwenye betri. Zimepangwa chini ya boneti ya mbele na ya nyuma, na za kawaida zilikuwa za risasi na tindikali, aina ileile tunayoihudumia gereji mpaka leo. Anayezijua anajua adha yake: unafungua kizibo cha seli, unachungulia, unaongeza maji ya betri mpaka pleti, zile bamba za risasi za ndani, zifunikwe, lakini usizidishe, kisha unasugua ule unga mweupe unaoota kwenye terminali, pale waya zinapofungwa. Sasa fanya hivyo seli baada ya seli, gari zima. Ikija Januari ya Michigan, baridi inakula nguvu za betri na zile kilomita zinapungua. Zilikuwepo betri za chuma na nikeli za Thomas Edison, zinazodumu zaidi, ila ziliongeza bei kwa dola 600. Kwa fedha hiyo, mwaka 1914 ungenunua Model T nzima.

Wengi husema betri ndizo zilizoyaua magari haya. Sikubaliani nao. Clara aliweza kuishi na betri hizo miaka yote ile kwa sababu alikuwa na umeme nyumbani na fedha za matunzo. Nje ya miji, umeme wenyewe haukuwepo: hata katikati ya miaka ya 1930, shamba moja tu kati ya kumi Marekani lilikuwa limeunganishwa. Petroli ilibebwa kwenye debe mpaka kijijini, na baada ya visima vya Texas kububujika mwaka 1901, mafuta yalikuwa tele.

Kisha ikaja stata. Mwaka 1912 Cadillac ilitoa gari linalowashwa kwa umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Stata ndiyo mkate wangu wa kila siku, kwa hiyo jambo hili linanigusa sana: mota ndogo na betri moja tu viliingia kwenye gari la petroli, vikaondoa hendeli, na pamoja nayo ikaondoka sababu kubwa ya mteja kuvumilia bei ya gari la umeme. Ford naye akazidi kushusha bei, mpaka Model T ya bei ya chini kabisa ikafika dola 260 mwaka 1925. Detroit Electric iliendelea kuuzwa kwa maelfu ya dola. Kampuni ilijikongoja hadi 1939, magari kama 13,000 kwa jumla, dhidi ya Model T milioni 15.

Kama ningekuwa na gereji Detroit mwaka 1914, mteja wa mjini mwenye umeme nyumbani ningemwambia alichukue hili, achague betri za risasi, na aanze mapema kuweka akiba ya kuzibadilisha. Mkulima wa kaskazini mwa Michigan ningempeleka kwa Ford.